Kiyoyozi cha boti kinachowaka na kuzima

Ndugu, kama kiyoyozi kinawaka dakika chache kisha kinazima kabla chumba hakijapoa, anza na maji ya bahari yanayokipoza, usikimbilie gesi. Tazama yanayotoka ubavuni mwa boti: yakichuruzika tu, presha ya gesi inapanda na kompresa (mashine inayoisukuma gesi) inajizima kujilinda. Zima umeme, funga valvu ya kuingizia maji, safisha chujio. Mwani na mifuko ya nailoni huliziba upesi sana. Kisha toa hewa iliyonasa kwenye pampu ya maji.

Maji yakitoka kwa nguvu na tatizo likabaki, fundi umeme apime volti kompresa inapowaka, maana waya mrefu wa umeme wa gatini huishusha.

Gesi mwachie fundi wa majokofu mwenye geji. Ukiongeza kwa kubahatisha, utaua kompresa.