Moyo Ukienda Mbio, Shughulika na Pumzi Inayotoka

Mimi nikiitwa kuzungumza mbele ya watu, kifua kinadunda hadi nahisi aliyekaa pembeni anasikia. Wenye nia njema hukimbilia kuniambia, "Vuta pumzi ndefu." Ushauri huo una nusu tu ya dawa, tena ile nusu dhaifu.

Hebu jaribu sasa hivi. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ubonyeze kidogo hadi usikie mapigo. Vuta hewa taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukitulia utaona mapigo yanakaribiana kidogo unapovuta, na yanaachana unapotoa. Usiogope, ni jambo la kawaida, na kwa vijana huwa wazi zaidi.

Chanzo chake ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Moyo una chembe zake zinazoanzisha kila pigo, kwa hiyo hausubiri amri ya ubongo ili udunde. Chembe hizo zikiachwa huru, moyo ungekwenda kama mapigo 100 kwa dakika. Wengi wetu tukipumzika tuko chini ya hapo kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni, inaukanyagia breki muda wote. Ukivuta hewa, breki inalegea. Ukitoa, inakanyagwa tena. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliisisimua neva hiyo kwenye moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo, akachukua majimaji yaliyokuwamo akayatia kwenye moyo mwingine. Nao ukapunguza mwendo, bila neva yake kuguswa! Kumbe neva huongea na moyo kwa kemikali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na mwanasayansi mwenzake Henry Dale.

Sasa, kwa nini kuvuta hewa nyingi harakaharaka kunazidisha balaa? Kwa kawaida kinachotusukuma tupumue ni kupanda kwa kaboni dioksidi kwenye damu kuliko kupungua kwa oksijeni. Ukihema kupita mahitaji ya mwili, unaitoa kaboni dioksidi kwa wingi, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinachonyota. Mtu aliyeshikwa na hofu akihisi hivyo anadhani hewa haimtoshi, basi anahema zaidi.

Ninachofanya ni hiki: navuta kwa pua kwa kuhesabu hadi nne, tumbo likisogea mbele na mabega yakitulia, halafu natoa kwa kuhesabu hadi sita. Silazimishi kifua kijae. Hapo ni kama pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Dakika chache zinanitosha. Zoezi hili lifanye siku ambazo huna wasiwasi, maana kujifunza katikati ya hofu ni kazi ngumu.

Ila usilitumie kujifariji pale ambapo panahitaji daktari. Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, au moyo kwenda mbio ghafla bila sababu na kukataa kutulia: hapo acha kuhesabu, wahi hospitali.