Utamu usioliwa na hamira kwenye saida na bia ya tangawizi

Hamira haibakizi. Juisi ya tufaha ikishachachuka hadi mwisho na kuwa saida, sukari yake imegeuka kilevi na gesi, na ulimini unabaki uchachu na ukakasi. Kwenye tangawizi ndiyo zaidi, maana utamu ukiondoka ule ukali wote unajitokeza. Hapo wengi hukimbilia kuongeza sukari au asali wakati wa kufunga chupa ili kurudisha utamu. Tafadhali usifanye hivyo. Hamira iliyotulia chini ingali hai. Itaila asali kama inavyokula sukari, gesi itajaa, na chupa ya kioo ikipasuka inaumiza watu.

Kinachotakiwa ni utamu ambao hamira haiwezi kuula. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, hutajwa mapema, lakini mimi siipendekezi hapa. Utamu wake ni kama moja ya tano tu ya sukari, hivyo utaimimina nyingi hadi kinywaji kiwe kizito, na wapo watu ambao matumbo yao hayaipokei. Tena, ukichachua kwa mmea wa tangawizi, ule mchanganyiko wa hamira na bakteria alioueleza Harry Marshall Ward mwaka 1892, bakteria hao wanaweza kuila laktosi iliyoachwa na hamira.

Kwa saida nachagua erithritoli, kitamu cha unga ambacho hamira haiwezi kukila. Ina utamu wa takribani asilimia 60 hadi 70 ya sukari, na kaubaridi inakoacha mdomoni kanaendana na tufaha. Zailitoli, ya jamii hiyohiyo, ina utamu sawa na sukari, ila ikizidi inaendesha tumbo, na kwa mbwa ni sumu inayoua hata kwa kiasi kidogo. Penye mbwa, iache kabisa.

Stevia, kitamu kitokanacho na majani ya mmea, ina kauchungu kanakochelewa kuondoka. Kwenye saida kanasikika wazi. Kwenye tangawizi kali kanafunikwa vizuri, kwa hiyo huko naitumia bila wasiwasi. Sukralosi, kitamu cha kutengenezwa kiwandani, ni safi zaidi na haiharibiwi na uchachu, lakini ni tamu mara 600 hivi kuliko sukari, kwa hiyo chembe chache tu zinatosha.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alishike ni kusoma pakiti. Unga mwingi wa stevia na sukralosi huongezewa dekstrosi ili ujae kijiko, na dekstrosi ni glukosi, chakula halisi cha hamira. Tafuta usiochanganywa, au wa matone.

Kipimo usikikisie kwenye pipa zima. Subiri haidromita, kifaa cha kuonyesha kama sukari bado inachachuka, ionyeshe namba ileile siku kadhaa mfululizo, kisha mimina mililita 100 kwenye glasi tatu au nne zilizopoa. Weka erithritoli gramu 1 ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, koroga, onja. Ukiipenda ya gramu 2, basi ni gramu 20 kwa lita. Onja ikiwa baridi kama utakavyoinywa, kwa sababu baridi hupunguza utamu.

Gesi ipimie peke yake: sukari ya kawaida gramu 6 hadi 8 kwa lita, iyeyushwe na kuchanganywa kabla ya kujaza chupa. Jaza chupa moja ya plastiki pamoja na za kioo. Ikiwa ngumu kubonyea, zote zipeleke kwenye friji.