Jibu: Nizisafishe kwanza, au niziuze hivyo hivyo?

Kaka, hizo sarafu za Marekani alizokuachia mjomba usizisugue kwa ndimu wala dawa ya meno, hata kama zimekuwa nyeusi tii. Wakusanyaji wanaupenda huo weusi. Ukiing'arisha tu, bei inaporomoka.

Anza na za senti 10, senti 25 na nusu dola. Zikiwa za 1964 kurudi nyuma, ni madini ya fedha (silva) asilimia 90, kwa hiyo hata iliyolika ina thamani ya madini yake. Tazama ukingo: ya fedha ni nyeupe mzunguko mzima, lakini senti 10 na 25 za 1965 na kuendelea zina mstari wa shaba katikati. Nusu dola za 1965 hadi 1970 zina fedha asilimia 40.

Senti 1 zenye masuke ya ngano nyuma (1909–1958) nyingi ni za bei ndogo, usipagawe. Ila ukikuta ya 1909 yenye herufi S (alama ya kiwanda cha San Francisco) chini ya mwaka na V.D.B. (herufi za jina la msanii aliyeibuni) kwa nyuma, ifungie kabatini! Nayo feki zake ni nyingi, mpelekee mtaalamu.

Ile ya senti 5 yenye picha ya nyati, uliyosema haina mwaka, si lazima iwe feki. Mwaka ulichongwa sehemu iliyoinuka, ukafutika mikononi mwa watu.