Maswali ya Wasomaji: Nimeandikishwa Politekniki, Lakini Moyo Wangu Uko kwa Mifugo

SWALI

Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni msichana wa miaka 19, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka huu nimepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, kwa asilimia 64, sehemu ya sayansi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayefanya kazi katika mgodi mmoja upande wa Kolwezi, ndiye aliyenisomesha tangu baba yetu afariki, na ndiye aliyeniandikisha politekniki ili niwe injinia wa migodi. Sikukataa, kwa sababu sikuwa na neno lingine la kusema. Lakini wakati wa likizo nilikaa miezi miwili kwa shangazi anayefuga nguruwe na kuku njia ya Kipushi. Ugonjwa uliingia, nguruwe 11 wakafa kwa siku chache, na daktari wa mifugo aliyeitwa alimpasua mmoja mbele yetu, akatueleza alichokiona ndani. Alirudi mara mbili, nami nikawa ninamshikia vifaa na kumwandikia daftari lake. Tangu hapo sifikirii kitu kingine. Masomo yataanza baada ya wiki chache. Je, bado ninaweza kubadilisha? Na nitamwambiaje yaya, ambaye amekwisha kulipa sehemu ya minervali, yaani ada ya masomo? Naogopa watu watasema nimekimbia hesabu.

Msichana wa Katuba

JIBU

Mwanangu, politekniki umeipa mstari mmoja tu katika barua yako, na hata ndani ya mstari huo anayesema ni yaya. Nguruwe wa shangazi umewapa karibu barua nzima, pamoja na daftari la daktari. Hilo peke yake halitoshi kuamua miaka mingi ya maisha yako, lakini ni jambo la kuanzia, na ningependa ulione kabla sijakujibu lolote.

Ndiyo, bado unaweza kubadilisha, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni huu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina vitivo vyote viwili, cha politekniki na cha udaktari wa mifugo, kwa hiyo hulazimiki kuhama mji wala kutafuta chuo kingine. Nenda wewe mwenyewe aparitora, yaani ofisi ya kuandikisha wanafunzi, asubuhi, ukiwa na nakala za diploma au cheti kinachoishikilia nafasi yake, karatasi zote za kujiandikisha na karatasi ya malipo ya benki. Uliza mambo mawili kwa maneno yaliyo wazi: kama orodha ya udaktari wa mifugo ingali inapokea wanafunzi, na kama fedha zilizolipwa zinaweza kuhamishiwa kitivo kingine cha chuo kilekile. Kisha ukamwone katibu wa masomo wa kitivo unachokitaka, kwa maana sharti la asilimia, au la jaribio la kuingia, huwekwa na kitivo. Jibu lolote utakalopewa, omba liandikwe. Usimpe fedha mtu yeyote anayekuahidi kando ya ofisi kwamba atakupitishia jina. Nimeona watoto wa watu wakilia kwa ajili ya ahadi kama hizo.

Kwa nini ninasema wakati ni huu? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambamo lisansi, yaani shahada ya kwanza, ni miaka 3 na krediti 180, yaani krediti 60 kila mwaka. Ukianza politekniki, ukashindwa kuipenda, ukahama baada ya mwaka mmoja, krediti za uchoraji wa kiufundi au za mekanika hazitakufaa kitu mbele ya walimu wa anatomia. Utaanza upya, na mwaka huo yaya ataulipia mara mbili. Mimi mwenyewe niliingia kitivo fulani kwa sababu jina lake lilipendeza mbele ya wageni wa nyumbani, nikakaa humo miaka miwili kabla sijapata ujasiri wa kusema. Mama yangu aliuza vitenge vyake vizuri ili nianze tena. Ndiyo maana ninakusihi useme sasa, hata kama sauti inatetemeka.

Lakini nina shaka moja, nami ninakuletea bila kuificha. Ulichokiona kwa shangazi ni siku kubwa ya kazi ile: kisu, maelezo, watu wamekusanyika. Siku nyingi za daktari wa mifugo haziko hivyo. Kuna kukagua nyama machinjioni alfajiri, kuchanja kuku mia kadhaa dhidi ya mdondo, kuwadunga mbwa sindano ya kichaa mtaa kwa mtaa, na kujaza karatasi. Kuna pia kumtazama mama aliyeweka akiba yake yote katika banda, ukamwambia kwamba huna dawa. Kama kilichowaua nguruwe wa shangazi ni homa ya nguruwe ya Afrika, daktari hakuwa na tiba ya kumpa; alichoweza ni kuzuia wanyama wasitoke, kusimamia mizoga izikwe, na kumkataza asiwalishe makombo ya nyama ambayo hayajachemshwa vizuri. Wewe ulikuwepo. Ulipomwona shangazi anasikia habari hiyo, ulitamani kuondoka au ulitamani kujua zaidi? Jijibu mwenyewe kwa ukweli. Na katika wiki hizi zilizobaki, mwombe daktari yuleyule akuruhusu umfuate siku tano mfululizo, hasa siku zisizo na jambo la kusimulia. Waombe pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakuonyeshe madaftari yao.

Katika madaftari hayo utakuta jibu la wale unaowaogopa. Anayekimbilia udaktari wa mifugo ili aepuke hesabu atakutana na fizikia, kemia, biokemia na takwimu, na baada yake majina ya mifupa ya ng'ombe, farasi, mbwa na kuku. Masomo yenyewe ni marefu kuliko miaka 5 ya lisansi na masta ya injinia. Hilo la mwisho usimfiche yaya, kwa sababu linagusa mfuko wake.

Kuhusu yaya, tafadhali usimchukulie kama kizuizi. Mtu anayefanya kazi Kolwezi, katikati ya shaba na kobalti, kila siku anaona kwa macho yake injinia anavyolipwa na kibarua anavyolipwa, naye alitaka wewe uwe upande ulio bora. Hofu yake ina msingi: daktari wa mifugo anayeanza kazi kwetu hapati mshahara wa mgodini, na sitakudanganya. Wengi hujitegemea, wakiuza dawa na ushauri kwa wafugaji. Hata hivyo mji huu unakula kutoka mbali. Sehemu kubwa ya unga na vyakula vingine hutufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mpaka huo ukikwama kidogo tu, bei sokoni zinapanda. Wanaofuga kando ya mji wanaongezeka, na shangazi yako anaweza kumweleza yaya, kwa franka zilizopotea, thamani ya daktari anayekuja mapema.

Kwa hiyo mpeleke shangazi mbele. Kwetu habari ya namna hii haitumwi kwa ujumbe wa simu. Inabebwa na mkubwa. Mama naye asikie kabla ya yaya, asije akaulizwa akakosa la kujibu. Yaya atakaposhuka Lubumbashi, umshukuru kwanza kwa miaka yote aliyokulipia, kisha umpe karatasi yenye mambo matatu: jibu la aparitora kuhusu fedha zilizokwisha kulipwa, idadi ya miaka ya masomo, na ulichokiona katika siku zile tano. Akikasirika, mwache akasirike, usimjibu siku hiyo. Akiuliza nani atalipa mwaka wa sita, usiahidi usichokuwa nacho. Mwambie kwamba shangazi amekubali, kama kweli amekubali, ufuge kuku wako katika banda lake. Basi hilo kamuulize shangazi wiki hii, kabla yaya hajafika.