Hakuna aliyemgusa: magoti ya mabinti zetu na dakika 15 tunazowanyima

Mimi sikuguswa na mtu, na hilo ndilo lililomshangaza kila aliyekuja kunijulia hali. Nilikuwa kidato cha tatu, nacheza mpira wa pete, tunajiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nikadaka pasi hewani, nikatua kwa mguu wa kulia huku nikigeuka ili nimpe mfungaji wetu. Mlinzi wa upande wa pili alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Goti likaingia ndani, nikasikia "ta!" kama kuni kavu inayovunjwa, nikawa chini. Magharibi inaingia, goti limeshakuwa kama boga.

Nyumbani aliitwa jirani yetu, mama mmoja anayejua kukanda. Siku tatu mfululizo alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha akanichua kwa mafuta, na kila nilipolia akaniambia, "Vumilia mwanangu, mshipa umekaa vibaya, utarudi mahali pake." Alinipenda, na sote tulimwamini. Wiki ya tano maumivu yalikuwa yameisha, nikarudi uwanjani. Sikumaliza mwezi, goti likachomoka tena nikikimbia peke yangu. Likawa ndilo goti langu: leo zima, kesho linanitupa ngazini. Nilipofika kwa daktari wa mifupa nilikuwa na miaka 21. Akaniambia ligamenti, ile kamba inayofunga mfupa na mfupa, ilichanika siku ile ya kwanza, na kwa miaka yote iliyofuata nimekuwa nikisaga gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisuguane.

Sasa ni mwalimu wa michezo. Nina wasichana wa mpira wa pete na wa soka, mwenzangu ana wavulana. Uwanja ni mmoja, vumbi ni moja, filimbi tunaazimana, lakini majeraha hayafanani kabisa, na nimeandika haya kwa ajili ya mzazi au mwalimu ambaye bado anadhani yanafanana.

Wavulana huumia sana, na wala sitaki mtu afikiri nawadharau. Wanagongana na kurukiana vichwani. Kwao naona mikono iliyovunjika kwa kuangukia kiganja, mabega yaliyochomoka, nyama za paja zilizochanika kwenye mbio fupi. Wa miaka 12 hadi 15 wanakuja na uvimbe mgumu chini kidogo ya pia ya goti, pale mfupa wa ugoko unapokuwa bado unakua na kano ya paja inauvuta. Huo huuma, lakini mara nyingi hutulia ukimpunguzia mbio na kuruka, na huisha mifupa ikikomaa. Wasichana nao huupata, ila mapema zaidi, kwa kuwa wao hutangulia kurefuka.

Kwa wasichana kinachoninyima usingizi ni goti. Ile ligamenti iliyo katikati ya goti ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na goti lisijipinde ovyo. Tafiti za miaka mingi kwenye soka na mpira wa kikapu zinaonyesha kuwa msichana huichana mara 2 hadi 8 zaidi ya mvulana anayecheza mchezo huohuo. Na takriban mara 7 kati ya 10 inachanika bila mtu kumgonga: anatua, anafunga breki, anageuka. Mashabiki wa Arsenal watakumbuka msimu wa 2022/23, timu yao ya wanawake ilipopoteza wachezaji wanne kwa jeraha hilihili: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Watatu wa mwanzo wakaikosa Kombe la Dunia la 2023 kule Australia na New Zealand. Hao wana madaktari, nyasi nzuri na viatu. Sasa mfikirie binti wa kidato cha pili kwenye kiwanja cha changarawe, na raba iliyoisha soli.

Mpira wa pete nao una lake. Sheria haimruhusu aliyedaka mpira kuendelea kukimbia nao. Akishatua kwa mguu mmoja, anaweza kupiga hatua ya mguu wa pili, lakini ule wa kwanza akiunyanyua hatakiwi kuurudisha chini kabla hajatoa mpira, na anazo sekunde 3 tu. Maana yake mwendo wote aliokuja nao unasimamishwa papo hapo, juu ya goti moja. Huo ndio mchezo tunaowapa wasichana wetu kwa maelfu, halafu tunawapashia misuli kwa kuwazungusha uwanja mara mbili wakiimba mchakamchaka.

Kwa nini wao? Kabla hawajavunja ungo, tofauti kati yao na kaka zao ni ndogo mno. Pengo linafunguka kuanzia miaka 12, 13 hivi. Mvulana akibalehe, mwili wake wenyewe unamwongezea misuli sambamba na urefu, kama gari lililoongezewa mzigo na breki kwa pamoja. Msichana anarefuka, anaongezeka uzito, nyonga zinapanuka, lakini nguvu za paja na nyonga haziongezeki kwa kasi ileile. Anaporuka, anatua amesimama wima, magoti yamenyooka au yanakutana kwa ndani, akitegemea misuli ya mbele ya paja wakati ile ya nyuma, ambayo ndiyo msaidizi mkuu wa ligamenti, imelala. Homoni zinatajwa pia, na umbo la nyonga. Sawa, lakini nyonga siwezi kumbadilishia mtoto. Namna ya kutua naweza.

Na kuna jambo ambalo halimo mwilini. Kaka yake amecheza chandimu barabarani tangu ana miaka 5, kila jioni, akianguka, akigeuka, akirukia ukuta. Yeye jioni zilezile alikuwa kisimani, jikoni, au na mdogo wake mgongoni. Anafika sekondari, mwalimu anamwona mrefu, anamwambia wewe utacheza golini. Wiki tatu kabla ya mashindano anawekwa kambini, mazoezi asubuhi na jioni. Mwili haujawahi kufundishwa kazi hiyo, halafu tukisikia "ta!" tunasema wasichana ni dhaifu. Neno hilo linaniumiza kuliko goti langu. Wako akinamama walioacha kuwaruhusu binti zao kucheza kwa sababu ya majeraha ya aina hii, na ninawaelewa, lakini tafadhali msimtoe mtoto uwanjani. Tumfundishe.

Kufundisha kwenyewe kunawezekana, na ushahidi upo. Sweden walichukua wasichana zaidi ya 4,500 wa miaka 12 hadi 17 wanaocheza soka, nusu ya klabu zikafanya mazoezi maalumu ya goti kwa dakika 15, mara mbili kwa wiki. Matokeo yalitoka 2012: kuchanika kwa ACL kulipungua kwa karibu theluthi mbili. Mpango wa FIFA wa kupasha misuli uitwao 11+, wa dakika 20, ulijaribiwa kwa wasichana wa Norway na majeraha makubwa yakapungua kwa karibu nusu. Na asije mtu akasema hayo ni ya Ulaya. Lagos, Nigeria, vijana wa kiume waliofanya 11+ walipunguza majeraha kwa asilimia 41. Hakuna kifaa kinachonunuliwa.

Hivi ndivyo ninavyofanya, Jumanne na Alhamisi, kabla ya mpira kuguswa. Wakishakimbia kidogo mwili ukapata joto, wanasimama wawili wawili wakitazamana. Mmoja anaruka juu na kutua kwa miguu yote miwili, mwenzake anamwangalia magoti. Nataka yakunjike, nataka yaelekee mbele sawa na vidole vya miguu, makalio yarudi nyuma kama anayetaka kuketi kigodani, na nataka nisisikie kishindo. Kishindo ni dalili kwamba mifupa na ligamenti ndivyo vinavyopokea uzito badala ya misuli. Wiki mbili hatuendi zaidi ya hapo. Kisha wanatua kwa mguu mmoja na kuganda kwa sekunde 3, kisha wanatua huku wakidaka mpira, kisha mwenzake anamsukuma begani kidogo akiwa hewani. Msichana wa kwanza niliyemrekodi kwa simu na kumwonyesha mwendo wa pole, alijiona magoti yakigongana akasema, "Madam, kumbe ndiyo mimi huyu?" Kwa siku hiyo moja alirekebisha zaidi ya alivyorekebisha kwa mwezi mzima wa mimi kupaza sauti.

Kugeuka nako kunafundishwa. Anayekata kona kwa kuchimba mguu mmoja chini anabeba hatari yote mahali pamoja, kwa hiyo nawazoesha hatua tatu nne fupi fupi, kiwiliwili kikiwa chini.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, anapiga magoti juu ya kanga iliyokunjwa, mwenzake anamkandamiza enka, naye anajishusha mbele taratibu, mgongo umenyooka, mpaka mikono iguse ardhi. Anzeni na mara 3 hadi 5, kwani kesho yake atatembea kama bibi. Kwa nyonga na tumbo tunajiinua kwa viwiko, kifudifudi na kiubavu, na tunachuchumaa kwa mguu mmoja nusu ya njia. Hayo yote hayafiki dakika 20. Wavulana wa mwenzangu sasa wanajiunga, na nyama za paja hazichaniki ovyo kama zamani.

Mazoezi haya yaanze Januari shule zinapofunguliwa. Wiki mbili kabla ya mashindano hazitoshi kuubadilisha mwili.

Lipo suala la chakula na hedhi ambalo walimu wa kiume huliogopa. Msichana anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku kwa kikombe cha uji na sahani moja ya ugali na maharage anaweza kuwa anatumia nguvu zaidi ya anazoingiza. Mwili ukibana matumizi, moja ya vitu vinavyozimwa ni hedhi. Binti akikaa miezi 3 bila kuona siku zake, na si mjamzito, hiyo ni taarifa kwamba mifupa nayo inakosa kinga. Ndipo unapokuja ufa kwenye ugoko, maumivu ya sehemu moja ukibonyeza kwa kidole, yanayozidi kila akikimbia. Si uvivu. Apumzike, ale, aonwe na daktari. Ninawaomba wasichana wangu waandike tarehe zao kwenye daftari lao wenyewe, na matroni ndiye anayeulizia. Wavulana nao wanaweza kuishiwa hivyohivyo, ila kwao hakuna kengele inayolia.

Kuhusu kichwa nitasema kifupi: aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau matokeo, hamalizi mechi hiyo. Katika soka wasichana hupata mtikisiko wa ubongo zaidi ya wavulana, na mara nyingi dalili hukaa muda mrefu zaidi.

Sasa ikitokea "ta!". Mchezaji akisema amesikia mlio, na goti likavimba ndani ya saa mbili tatu, chukulia kuna damu ndani na kitu kimechanika. Mwondoe uwanjani bila kumjaribisha kutembea. Barafu za duka lolote zinatosha, zifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa chache. Bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto. Maji ya moto, kuchua na kunyoosha viache kabisa siku hizo za mwanzo, kwani joto na mikono huongeza uvimbe na damu. Nawaheshimu wazee wetu wanaokanda, na kwa mgongo uliochoka mimi mwenyewe huwaendea. Goti lililovimba siwapelekei.

Hospitalini, mzazi, ulizia. Picha ya X-ray huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Wengi wamerudishwa nyumbani kwa sababu "picha ni nzuri", na nilikaribia kumpoteza mchezaji mmoja hivyo. Omba goti lipimwe kwa mikono na daktari wa mifupa: analikunja kidogo na kuuvuta ugoko mbele aone kama unateleza. Akiona shaka, kipimo cha MRI, ambacho huonyesha na ligamenti. Si kila aliyechanika hupasuliwa, lakini anayetaka kurudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka mara nyingi hushauriwa upasuaji, na wote, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, wanahitaji mazoezi tiba ya miezi mingi. Pesa ya mazoezi tiba ihesabiwe tangu mwanzo, maana wengi humaliza akiba yote kwenye upasuaji na kubaki na goti jipya lisilo na misuli.

Halafu subirini miezi 9 kamili tangu upasuaji. Utafiti wa Norway ulionyesha kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Vijana ndio wanaorudi kuumia zaidi ya wote, kwa sababu hawana subira na sisi watu wazima tunawahitaji mechini.

Wiki iliyopita alinijia binti yangu mmoja wa timu, mwezi wa 6 tangu apasuliwe. "Madam, nimepona. Naomba Jumamosi nianze." Nikachora mstari kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi, nikamwambia aruke kwa mguu mzima, mara tatu mfululizo, kisha kwa ule uliotibiwa. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani. Mruko wa mguu uliotibiwa ulipungua kwa zaidi ya nusu mita. Akaitazama ile chaki, machozi yakamlengalenga, nami nikakaa naye sakafuni mpaka yakaisha. Jumamosi nilimpa filimbi, akaichezesha mechi yote. Tumeandika tarehe ya kupima tena mwezi wa 9, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake.