Safu ya Wasomaji: Mapambo Yanayobeba Uchungu wa Migogoro

SWALI: Mhariri, salaam. Nataka kutengeneza bizimu la kifuani litakaloonyesha jinsi mgogoro wa kisiasa unavyoniumiza. Kila nikichora naishia na bendera, ngumi na kaulimbiu. Mchoro unageuka bango la kampeni. Nianzie wapi?

JIBU: Salaam nawe. Anza na hisia yako kabla ya mgogoro wenyewe. Ni hofu? Hasira? Aibu? Kumkosa mtu? Chagua moja tu. Pambo la sentimita 5 haliwezi kueleza ugomvi mzima, ila hisia moja linaibeba vizuri mno. Mwaka 1940, Norway ikiwa mikononi mwa Wajerumani, wanafunzi wa Oslo walivaa vibanio vya karatasi kwenye kola za makoti. Kazi ya kibanio ni kushikanisha, na walichotaka kusema ni kwamba wameshikamana. Hawakuhitaji kuandika neno.

Tuseme kinachokuuma ni jamii iliyoraruka. Chukua bati la shaba nyekundu, unene milimita 0.8, ukubwa sentimita 5 kwa 5. Lipashe moto hadi liwe jekundu hafifu, kisha lichovye majini ili lilegee. Likate toka juu hadi chini kwa msumeno wa sonara, wembe namba 2/0 au 3/0, ukifuata mstari wa kwenda mrama. Mkato ulionyooka huonekana umepangwa, na kitu kilichoraruka hakipangwi.

Sasa vishone vipande viwili. Toboa matundu ya milimita 1 yanayotazamana, kila moja milimita 3 kutoka ukingoni. Ukisogea chini ya milimita 2, ukingo hupasuka unapokaza waya. Pitisha waya laini wa milimita 0.6, na acha ufa wa milimita 1 au 2 uonekane. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza mpaka ufa unafungika, na hisia yote inakwenda nao.

Mishono pekee haitoshi, vipande vitakunjana kama bawaba. Nyuma, karibu na juu, vusha mkanda wa shaba wa upana wa milimita 6 na uufunge kwa ribiti mbili kila upande, yaani vipande vifupi vya waya vinavyopitishwa tunduni na kugongwa ncha zote mbili hadi zitanuke. Tumia waya wa milimita 1.5 kwenye tundu la milimita 1.5, ubakize milimita 0.75 kila upande. Ukibakiza zaidi, waya unapinda badala ya kutanuka, ukipunguza, haushiki. Gonga ribiti ya kwanza kabla ya kutoboa tundu la pili, la sivyo matundu hayatalingana. Pini ikae kwenye mkanda huohuo. Pini iliyowekwa katikati hulifanya bizimu liinamie mbele.

SWALI: Naweza kutumia maganda ya risasi?

JIBU: Maganda matupu yaliyokwisha kufyatuliwa, ndiyo, pale sheria inaporuhusu kuwa nayo. Risasi nzima usiiguse kamwe, hata ikiwa na kutu. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza pete na vikasha kwa mabaki ya aina hii, lakini ganda lina masalia ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lioshe kwa sabuni, likate na kulisugua likiwa na maji ili vumbi lisiruke, na usilivalishe ngozi moja kwa moja. Seng'enge nayo ina zinki juu yake: ukiichoma moto, moshi wake huleta homa. Ifunge kwa ribiti, usiilehemu.

SWALI: Shaba inang'aa mno kwa jambo la huzuni. Niifanyeje iwe nyeusi bila kemikali kali?

JIBU: Isugue kwa msasa laini, ioshe mafuta yote, kisha ifungie kwenye chombo pamoja na yai lililochemshwa na kupondwa likiwa moto. Salfa ya kiini huitia weusi. Ichungulie kila baada ya muda na uitoe rangi ikikuridhisha. Palipobaki alama ya kidole patakuwa na doa. Maliza kwa nta. Shaba ya manjano hukataa njia hii.

SWALI: Ni kosa kutumia alama ya wale wanaotukandamiza?

JIBU: Si kosa, mradi uigeuze. Mwaka 1909 Sylvia Pankhurst alibuni bizimu la fedha kwa wanawake waliofungwa katika gereza la Holloway, Uingereza, wakidai haki ya kupiga kura. Alichukua geti la chuma, nembo ya Bunge, akaweka juu yake mshale wa sare za wafungwa, akautia rangi za harakati zao: zambarau, nyeupe na kijani. Alama ya fedheha ikawa nishani. Ukiiacha alama kama ilivyo, mpita njia atadhani unaiunga mkono. Livae pambo, msimamishe mtu asiyejua kazi yako umbali wa mita 2, na umuulize uko upande gani. Akikosea, mabadiliko uliyofanya ni madogo mno. Rudi kwenye msumeno.