Kabureta inaota barafu, fundi anabadilisha jeti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina lori la Chevrolet la 1957, injini ya inchi za ujazo 235, silinda sita. Manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, ilipasuka, nikaitoa na kufunga mabomba mawili ya ekzosi. Tangu hapo, asubuhi zenye baridi na unyevu, lori linakohoa nikikanyaga mafuta, na chini ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, naona umande ulioganda mweupe. Fundi wangu ameweka jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu kinachopima petroli kwenye kabureta, nafuu ni ndogo. Nimesikia naweza kupitisha maji ya moto ya injini chini ya manifoldi ya hewa, ile njia ya kuingizia hewa na petroli kwenye silinda, lakini wenzangu wanasema joto litaniibia nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Pitisha maji, ndugu yangu, na wenzako uwaache na maneno yao.

Ile manifoldi uliyoitoa haikuwa njia ya moshi tu. Pale katikati, chini ya kabureta, ilifungwa kwa boliti na manifoldi ya hewa, na moshi wa ekzosi ulikuwa ukipiga sakafu yake. Ndani yake kulikuwa na kipepeo, yaani bamba linalozunguka kwenye mhimili, chenye springi ya metali mbili na kipande cha uzito ubavuni. Injini ikiwa baridi kilielekeza moshi juu, ikishika moto kinaupitisha moja kwa moja. Aliyekuuzia mabomba hakukwambia kwamba unang'oa jiko.

Sasa hilo neno la "hewa baridi ndiyo nguvu". Nalisikia kila wiki, na linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Hewa ikipanda nyuzi 10 za Selsiasi hupungua uzito kwa takribani asilimia 3. Lakini kwenye injini ya kabureta, kinachopita ndani ya manifoldi si hewa tupu. Ni hewa iliyobeba matone ya petroli, na petroli ambayo haijageuka mvuke haiwaki. Ili igeuke mvuke inataka joto, na usipoipa italinyang'anya kwenye hewa na kwenye chuma kilicho karibu. Petroli yote ikigeuka mvuke, mchanganyiko hushuka karibu nyuzi 20. Hapo ndipo barafu inapotoka, hata siku ambayo maji ya ndooni hayajaganda: nje kuna nyuzi 10, kooni mwa kabureta kumeshapita chini ya sifuri. Huo weupe unaouona kwa nje haukudhuru. Kinachokukwamisha ni barafu ya ndani, kwenye kipepeo cha kabureta, pale njia ilipo nyembamba.

Na hata pasipo barafu bado kuna hasara. Injini yako ina matundu matatu tu ya kuingizia, kila moja likilisha silinda mbili, na kabureta iko katikati. Manifoldi ikiwa baridi, petroli inatambaa sakafuni kama maji ya mvua. Silinda moja inalewa petroli, jirani yake inakufa njaa. Toa plagi zote sita uzipange mezani kwa zamu, uone rangi zinavyopishana. Jeti kubwa haisawazishi hilo hata kidogo, inamwagia zote. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasuguana na chuma kikavu, kisha inashuka kwenye oili chini. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, jeti ile imeanza kukugharimu injini.

Kuhusu maji yenyewe: tumia sahani yenye chumba kilichofungwa pande zote, iliyobanwa vizuri kwenye sakafu ya manifoldi. Usiruhusu maji yaguse sakafu hiyo moja kwa moja, kwa sababu baada ya miaka yote hii ya moshi huenda imeliwa na kutu, na tundu dogo litaingiza maji kwenye silinda. Maji yachukue kwenye silinda hedi, kabla ya themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ishike moto, yapite hata ikiwa bado imefunga, na yarudi upande wa kuvutia wa pampu ya maji. Yatachelewa kidogo kuliko moshi, kwa hiyo dakika za kwanza utategemea choki, inayobana hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi. Ila hayatazidi joto la injini, na petroli haitachemka kwenye kabureta.

Wenye manifoldi ya zamani nao wanisikie. Kile kipepeo cha moshi kikigandia wazi, mnapata ugonjwa wa huyu ndugu. Kikigandia kimefunga, petroli inachemka, lori linagoma kuwaka likiwa la moto, na chuma kinapasuka. Kilainishe injini ikiwa imepoa, kwa oili ya kupenyeza kutu na unga wa grafiti, huku ukigonga mhimili wake taratibu. Oili ya injini usiitumie, inaungua na kuwa masizi yanayokigandisha tena. Anayekwambia ukichomelee kabisa ndiye yule yule anayetoa themostati "ili injini ipoe", na ndiye anayewasha moto wa gesi chini ya kabureta asubuhi, sentimita chache kutoka kwenye petroli. Mtu huyo asiguse gari lako.

Wewe anza kwa kurudisha jeti ya awali na kumwaga oili uliyo nayo uweke mpya. Ndipo ufunge sahani, uendeshe wiki moja, kisha utoe tena zile plagi sita uzilinganishe.